Lugha Niliyoificha Mangochi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau kwa miaka zaidi ya thelathini na imekataa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimeketi kwenye mkeka wa watu huko Mangochi, nchini Malawi, nikafungua mdomo mahali ambapo ilinipasa kunyamaza. Juzi ulipokuja hapa Ruhuwiko kunipa shikamoo na kuniaga, ukasema unakwenda nje ya nchi kukaa na vijana wa Kiislamu ujue wanavyoishi, nilikupongeza na kukumiminia chai. Ulipoondoka nilijiona mnafiki. Ndiyo maana leo nimekuita tena.

Mimi pia nilikwenda safari kama hiyo. Nilikuwa mwalimu wa kike, kijana, wa hapa Songea, miaka ishirini na sita, Mkatoliki wa kwaya, mwenye kiherehere kuliko umri wake. Kikundi chetu cha vijana kilitaka mtu aende akaishi wiki sita na familia ya Kiislamu, kisha aandike kijitabu, ili vijana wa dini mbili waache kuogopana. Nilichaguliwa kwa sababu Kiyao nakijua. Baba yangu alikuwa bwana shamba kule Nalasi, nami nilikulia kwenye mikorosho pamoja na watoto wa Kiyao mpaka nilipopelekwa shule ya bweni. Na Mangochi ni kwa Wayao vilevile, wengi wao Waislamu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Safari ilikuwa siku tatu za mabasi, Njombe, Mbeya, mpakani, Karonga, na kote huko nilikuwa nikijishauri. Nikasema watu hawa wakijua ninasikia lugha yao watanionyesha yale ya kuonyesha wageni. Wakidhani sisikii, nitaupata ukweli wote. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Nilipofika nikasalimia kwa Kiingereza, na kwa wiki tatu nikajitia hamnazo.

Nilipokewa na Mama Asiyatu, mjane mwenye maneno machache, na binti yake Asiyatu, wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza sekondari. Walinipa kitanda cha binti, yeye akalala chini. Nilibisha, lakini walinishinda. Mchana tulianika dagaa pamoja. Jioni Asiyatu aliketi nami na kunitafsiria kwa Kiingereza kila kilichosemwa siku ile, taratibu, neno kwa neno, akihakikisha nimeelewa. Nami niliitikia kwa kichwa na kuandika, kana kwamba ndiyo kwanza nasikia. Mpaka leo nikiikumbuka subira yake naona haya.

Kwa Wayao, kama hujui, kaka wa mama ndiye anayesimamia dada zake na watoto wao. Wao wote wanaitwa mbumba yake. Hapo mwenye mbumba alikuwa Mjomba Saidi, mzee mrefu wa kanzu safi, asiyecheka ovyo. Binti akitaka kusoma au kuolewa, neno hupitia kwake. Nilimtazama siku mbili tu nikaandika kwenye daftari langu kwamba huyu ndiye mfungwa wa mila anayewafunga wenzake. Nilipenda sana sentensi ile.

Wiki ya tatu nikasikia jambo. Tulikuwa kwenye vichanja vya dagaa, na Asiyatu akamwambia mama yake kwa Kiyao, akilia kimyakimya, kwamba barua ya chuo cha uuguzi imefika na amepata nafasi. Ilibaki kupeleka barua ya utambulisho yenye sahihi ya mkuu wa kijiji, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Lakini Jumamosi hii washenga wanakuja kumposea mpwa wa huyohuyo mkuu wa kijiji. "Mjomba akikubali, mama, nimekwisha," alisema. Mama yake akamjibu, "Nyamaza. Niachie mimi." Kisha wakanigeukia wakitabasamu, na Asiyatu akaniambia kwa Kiingereza kwamba walikuwa wanazungumzia jua.

Niliacha kula vizuri tangu siku ile. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, nimesikia, samahani, sasa tufanyeje? Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri kwamba nimewadanganya. Nikaona afadhali nikae na siri yangu nimwokoe kwa njia nyingine. Kiburi hicho, mwanangu, nilikiita huruma.

Jumamosi ikafika. Washenga walikuwa wawili, na mkuu wa kijiji akaja nao yeye mwenyewe. Wakaketi kwenye mkeka na Mjomba Saidi, sisi wanawake tukaketi pembeni. Dua ikasomwa. Asiyatu akaleta chai. Mshenga akaeleza kilichowaleta. Mjomba Saidi akaanza kujibu, na majibu yake yakawa sifa tupu: ukoo ule ni wa watu wema, wamezikana na kusaidiana tangu enzi za babu zake, kijana mwenyewe ni mchapakazi na msikitini anaonekana. Kila sifa ilinichoma. Nilimwona Asiyatu ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kanga yake.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiyao, kile cha Nalasi, kwa sauti ya darasani: "Binti hataki! Amepata chuo, ana barua, ameificha kwa sababu anamwogopa mjomba wake!"

Mama Asiyatu aliweka mkono mdomoni. Asiyatu aliinua uso akanitazama mimi, si wale wazee, na sikuwahi kutazamwa vile maishani. Mkuu wa kijiji akaweka kikombe chini bila kukinywa. "Kumbe nyumba hii ina mambo ambayo mgeni anayajua kuliko mwenyewe," akasema. Wakavaa viatu vyao wakaondoka.

Nilingoja Mjomba Saidi anipigie kelele. Ningefurahi angenipigia kelele. Alibaki ameketi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa barua. Ilikuwa ile ya chuo. Mama Asiyatu alikuwa amempa alfajiri, baada ya swala.

"Nilikuwa nimekwisha kukubali asome," akaniambia. "Nilitaka wageni wanywe chai, wasikie heshima yao, halafu niwakatalie taratibu waondoke bila kuaibika. Kesho ningekwenda kwa mkuu wa kijiji kama jirani, kuomba sahihi." Akanitazama. "Kiyao umekijua tangu lini?"

"Tangu utotoni, mzee."

"Wiki tatu mtoto huyu anakutafsiria." Akakunja ile barua. "Ulikuja kutusikiliza, mwalimu, au ulikuja kututega?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Tulikuwa na siku sita. Jumapili Mjomba alikwenda kwa mkuu wa kijiji, akaambiwa yuko shambani. Jumatatu akaambiwa amechoka. Jumanne nilikwenda mimi, nikapiga magoti mlangoni kwake kuomba radhi, mke wake akaniambia kwa upole nirudi nyumbani. Jumatano Mjomba alipokelewa, akapewa kiti, akaambiwa muhuri umekwama kwa karani. Kila alipotoka, Asiyatu alisimama uani na kuitazama njia mpaka arudi, na aliporudi hakumuuliza. Alimsoma usoni akaendelea na kazi. Alhamisi mama yake alifua nguo ya Asiyatu ya kusafiria, akaianika, akaipiga pasi. Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Mjomba akaenda kwa mara ya mwisho. Tulikaa watatu barazani tukimngoja. Alirudi jua limeshuka, akavua kofia, akasema, "Haikuwezekana."

Asiyatu aliinuka akaenda kuanua dagaa.

Hawakunifukuza. Hilo nalo liliniumiza, maana Mama Asiyatu aliendelea kunipakulia chakula cha kwanza kama mgeni. Lakini Asiyatu hakunitafsiria tena, na hakukuwa na haja. Baada ya siku mbili nikafunga mzigo. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akanibebea begi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha. Nilipoanza tu akanikatiza, kwa Kiyao sasa.

"Ungeniuliza," akasema. "Tulilala chumba kimoja. Ungeniuliza tu, dada, ningekuambia kila kitu."

Basi likaja. Chuo hakwenda mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Nilimwandikia barua mbili, hakuna iliyojibiwa, na sina haki ya kulalamika. Kijitabu sikukiandika. Nilidanganya kikundi chetu kwamba nilipata malaria nikashindwa kufanya kazi, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia kwamba ule ulikuwa uongo.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda, wala sikuzuii. Ila siku ya kwanza waambie wewe ni nani, umetoka wapi, unasali wapi, unajua nini juu yao na unataka kuandika nini. Wakikuficha jambo baada ya hapo, ni haki yao. Usimtazame msichana mwenye ushungi au mzee mwenye kanzu ukadhani umekwisha kuisoma habari yake, hata kama umekua na wenzake mtaani. Mtu akianza kusema, mwache amalize, hasa pale unapodhani umeshajua atakapoishia. Na ukimwona mwenzako analia, usimsemee. Keti karibu naye umuulize anataka nini. Akikwambia unyamaze, nyamaza, hata ikikuuma.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akufikishe kwa watu wema, na kila watakapokulaza akujalie usiwe mzigo kwao. Na siku watakapokusindikiza kituoni, Mungu akupe kuwatazama machoni bila haya.