Nilimlazimisha mdogo wangu kemo, sasa naambiwa zamu ni yangu

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mjane, naishi Nachingwea, nalima korosho na ufuta. Sijawahi kuvuta sigara maishani mwangu. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji Dar, wakaondoa sehemu ya pafu langu la kulia. Ilikuwa saratani, ila imewahiwa. Ilionekana kwa bahati tu. Nilianguka na bodaboda, nikapigwa picha ya kifua kuangalia mbavu, wakaona doa.

Nilidhani nimemaliza. Niliporudi kliniki daktari akaniambia, "Mama, uvimbe tumeutoa wote na tezi ziko safi. Lakini ulikuwa mkubwa kiasi. Tunaweza kukupa kemo, ile dawa ya dripu, mizunguko minne, kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi." Nikamuuliza, nisipofanya je? Akasema, "Wapo wanaopona kwa upasuaji peke yake. Wapo ambao unawarudia. Wewe siwezi kujua uko upande gani. Uamuzi ni wako, ila usichelewe."

Mwingine angeshukuru. Mimi nilitoka pale namuwaza mdogo wangu. Nimwite Somoe.

Somoe aliolewa Matambarale, kule Ruangwa. Miaka minne iliyopita alipata saratani ya titi. Mimi ndiye niliyempeleka Dar na kumuuguza. Baada ya dripu ya pili akakataa kuendelea. Nywele zimekwisha, mdomo vidonda vitupu, hata uji haupiti. Akaniambia, "Dada, niache nipumzike. Nimechoka." Badala ya kumwonea huruma nikamfokea: "Basi kajifie! Na watoto wako utamwachia nani?" Alivaa baibui lake taratibu, akanifuata kwenye gari.

Baada ya dripu ya tatu alirudi kwake. Wiki iliyofuata homa ikampanda. Tulishaambiwa homa ikija tukimbilie hospitali siku hiyohiyo, lakini yeye hakusema. Alijifunika mashuka mawili juani, akidai ni baridi tu. Binti yake aliponipigia simu, Somoe alikuwa hajitambui. Alifia njiani. Mpaka leo naamini alificha ile homa kwa kuogopa mdomo wangu.

Huyo binti sasa ana miaka ishirini na miwili, naishi naye. Ndiye aliyeniogesha tangu nitoke hospitali. Aliposikia habari ya kemo hakunipa nafasi ya kupumua. "Mama mkubwa, nenda. Mama alikubali kwa ajili yetu, wewe unaogopa nini?" Kila akisema hivyo namwona Somoe amesimama mlangoni na lile baibui. Nikiwa jikoni namsikia anavuta pumzi nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu.

Ijumaa iliyopita nilishindwa. Tulikuwa uani na huyo binti tunachambua mbaazi, nikamweleza yote, mpaka lile neno "kajifie". Aliendelea kuchambua bila kuniangalia. Halafu akasema, "Najua. Mama aliniambia. Na ile homa niliijua tangu siku ya kwanza. Alinikataza nisikwambie, nikamtii."

Kumbe miaka yote hii mtoto naye amebeba la kwake, na mimi nakula naye sahani moja sijui. Nilitaka kumshika, akainuka akaingia ndani. Kesho yake asubuhi alipanda gari kwenda Matambarale kwa baba yake. Kila siku ananitumia meseji moja tu: "Umeamkaje?" Kuhusu kemo hajasema tena neno.

Jumatatu natakiwa nimpe daktari jibu. Nikikataa na ugonjwa ukarudi, huyu mtoto atazika mama wa pili. Nikikubali, nitaketi palepale nilipomlazimisha mdogo wangu aketi. Na kuna jambo naona aibu hata kuliandika: sijui kama naiogopa dawa, au naona mtu kama mimi hastahili kupona.

Ndugu zangu, hasa mliopitia kemo au mliouguza, semeni nami ukweli hata kama unauma. Niende? Na yule mtoto nimfuate kwao nimwombe msamaha, au nimwache kwanza alie peke yake?