Mguu wa Bi Mwanamkuu na Sufuria za Adinani

Tabora mjini ukitaja sufuria za Bi Mwanamkuu, hata mtu wa Chemchem ambaye hana ndugu mtaani kwake Ng'ambo anajua unasema nini. Ni sufuria za shughuli: harusi, hitima, maulidi, akika. Mtu anaweza kuwa na gunia lake la mchele wa Igunga na ng'ombe kamfunga uani, lakini shughuli hana mpaka Bi Mwanamkuu akubali. Na kukubali kwake si kwepesi. Atauliza kuni ni za mti gani. Atauliza nani anachambua mchele. Akijibiwa hovyo anajifunga khanga kiunoni na kusema, "Basi nendeni mkapikiwe hotelini."

Kwao ni Kwihara, na kwa miguu wanajisifu. Wazee wake walikwenda pwani na mzigo begani, wakarudi, wakaenda tena, na waliozaliwa nyuma yao wakaurithi ule ubishi. "Sisi si watu wa kubebwa," huwaambia wanaomhurumia.

Lakini miguu yenyewe hakuna aliyekuwa akiiona. Tangu mtoto wake wa mwisho azaliwe, mishipa ilimvimba kutoka pajani mpaka kwenye kifundo, ikajikunja chini ya ngozi kama nyungunyungu wakati wa masika. Jioni mguu wa kushoto ulikuwa mzito kama umejazwa mchanga. Juu ya kifundo ngozi iligeuka nyeusi, ikawasha, naye akaipaka mafuta ya nyonyo, akaikanda kwa maji ya moto, akavaa gauni refu zaidi. Hakumwambia mtu. Mguu ni wake.

Na kukaa hakai. Mwalimu wake wa jikoni, marehemu sasa, alimwachia neno moja: mwenye mwiko hana kiti. Sufuria ikishapanda juu ya mafiga, mpishi anasimama mpaka ishuke. Anayekaa hasikii wali unasema nini chini. Bi Mwanamkuu amewafukuza wasichana wangapi jikoni kwake kwa kosa la kuvuta kigoda, hata Najiat hawezi kuwahesabu. Huyo Najiat ni mtoto wa mdogo wake, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na ndiye msaidizi wake. Mpaka leo anamwogopa.

Sasa siku moja palikuwa na hitima mtaa wa Gongoni. Nyama iko motoni, Bi Mwanamkuu kasimama na mwiko wake tangu alfajiri. Najiat akatazama chini.

"Mama mkubwa, umemwaga mchuzi?"

"Mchuzi gani, na nyama bado?"

Ilikuwa damu. Imejaa kwenye ndala, imefanya kidimbwi, na mwenyewe hakusikia hata kuumwa. Mshipa mmoja juu ya kifundo ulikuwa umepasuka.

Wanawake wakaruka. Na kosa walilofanya ni lile linalofanywa na kila jiko la shughuli, maana mpishi aliyechoka miguu huwekewa beseni la maji ya moto na chumvi. Basi wakamkalisha kwa nguvu, wakamtia mguu kwenye beseni. Maji yakawa mekundu pale pale. Wakamwaga, wakaongeza mengine ya moto. Yakawa mekundu tena. Mmoja akaanza kusoma dua, mwingine akasema ni jicho, kuna mtu kamtazama vibaya.

Leonia akatokea uani. Leonia ni muuguzi, mtu wa Ulyankulu, kapanga chumba nyumbani kwa Bi Mwanamkuu, na siku hiyo alikuja kumenya vitunguu kama jirani. Aliona beseni akapiga kelele.

"Ondoeni hilo! Mnamchuruza kama kuku! Mlazeni chini. Chini kabisa. Bibi, mguu juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya chochote kilichopo."

Wakafudikiza sufuria, mguu ukapandishwa, Leonia akakunja kitambaa safi akakandamiza kwa kiganja. Damu ikapungua, ikakoma. Lakini gauni lilikuwa limepanda mpaka gotini, na wanawake wote wa hitima wakaona kile ambacho mume wake mwenyewe alikufa bila kukitazama vizuri mchana.

"Mama yangu," akasema mmoja, "huu ni mguu au ramani?"

"Ramani," akajibu Bi Mwanamkuu akiwa chali. "Itazame vizuri utaona njia ya kurudi kwenu. Najiat! Nyama inashika chini, unanusa nini wewe?"

Habari za Tabora hazihitaji redio. Kesho yake akaja Adinani, mfanyabiashara wa asali, mtu ambaye Bi Mwanamkuu alimpikia harusi yake mwenyewe, na sasa, mwezi ujao, anamwoza binti yake. Sufuria zilikuwa zimeshaahidiwa. Akakaa ukingoni mwa kiti, akazunguka sana kwa maneno: joto la mwaka huu, asali ya Goweko, wageni watakaotoka Kigoma.

"Sema, Adinani. Kahawa inapoa."

"Bibi, umetumikia watu vya kutosha. Safari hii pumzika. Najiat yupo."

"Umeshamwambia Najiat?"

"Bado."

"Basi usimwambie."

"Ni mama watoto, bibi. Anaogopa. Damu kwenye chakula cha harusi... unawajua watu."

Bi Mwanamkuu akashusha kikombe chake. Alijua maana yake. Harusi ya Adinani itakuwa na watu wa mji mzima. Wakila pilau ya mkono mwingine, hawatarudi kumwita yeye. Hakuna atakayemfukuza. Watamletea tu sahani nyumbani, iliyofunikwa vizuri, kama wanavyoletewa wazee.

"Nipe muda," akasema. "Mguu nitautengeneza."

Leonia alikuwa amemwambia kwamba kuna hospitali mjini wanakuja madaktari kutoka Dar na mashine ya leza ya kutibu mishipa, mguu haukatwi wala mtu halazwi. Kwanza alijibu kwamba mguu wake si redio mpaka utengenezwe kwa mashine. Adinani alipoondoka, bibi akamwita Leonia. "Hao watu wako wanakuja lini?"

Wakaenda. Daktari alikuwa kijana, akampaka dawa baridi ya kuteleza, akampitishia kile kidude cha altrasaundi huku Bi Mwanamkuu kasimama, akamwonyesha mishipa kwenye kioo.

"Bibi, kuna ndugu yako mwenye miguu kama hii?"

"Kwetu miguu haina kasoro. Waulize Wakwihara."

"Mama yako je?"

Akafikiri. "Mama alikuwa anajifunga vitambaa kwenye mashavu ya miguu. Alisema ni baridi."

"Haikuwa baridi," daktari akasema. Akamweleza kwamba ndani ya mshipa wa mguu kuna vilango vidogo. Damu ikipanda kwenda moyoni, vilango vinajifunga nyuma yake isirudi chini. Vya kwake vimelegea. Ukoo umechangia, uzazi umechangia, na kusimama mahali pamoja miaka yote hiyo kumemalizia. Damu inarudi, inatuama, mshipa unafura. Akasema atapitisha uzi mwembamba ndani ya ule mshipa mbovu, uzi unaotoa joto la leza, na joto litaufunga kwa ndani.

"Kumbe unaupika."

Daktari akacheka. "Ndiyo bibi, tunaupika."

"Moto mkali au wa taratibu?"

"Wa kadiri. Na uzi unauvuta polepole. Ukiwa na haraka haufungi, ukichelewa unaunguza pembeni."

"Hapo umesema." Ndipo alipomwamini. "Na damu itapita wapi ukishaufunga?"

"Iko mishipa mingine mizima, ya ndani zaidi. Hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa tangu zamani. Huu ulikuwa unairudishia damu tu."

"Mvivu," akasema Bi Mwanamkuu. "Ufunge."

Akavishwa miwani ya giza ya kukinga macho na leza, na daktari akavaa yake, na Leonia pia, wakakaa mle ndani kama wasanii wa Dar. Sindano za ganzi zilimchoma kufuata mstari wa paja, na hizo ziliuma, asikudanganye mtu. Joto lenyewe hakulisikia, ila kama kuna kitu kinavutwa mbali. Kabla hajamaliza kumsimulia daktari jinsi ya kuchagua mchele, akaambiwa tayari. Wakamvika soksi ndefu ya kubana, ngumu kuvaa kuliko kaniki mpya.

"Sasa bibi, shuka utembee."

"Nishuke? Mgonjwa?"

"Tembea sasa hivi, na kila siku. Kulala kutwa nakukataza, damu isije ikaganda. Kusimama mahali pamoja nakukataza vilevile. Ukikaa, weka mguu juu. Usikande, usitie maji ya moto."

Nyumbani hapo ndipo palipokuwa na kazi. Tabora mgonjwa ana adabu yake. Aliyetoka hospitali hulala, hujifunika, huongea kwa sauti ndogo, na watu huja na sukari na machungwa kumjulia hali. Najiat alikuwa ametandika kitanda, amechoma ubani, na jirani kashachemsha maji ya kukanda. Bi Mwanamkuu akayamwaga yale maji kwenye mchicha, akavaa baibui, akatoka.

Akawa anakutana barabarani na watu wanaokuja kumwona mgonjwa. Wengine walidhani katoroka hospitali. Wengine wakanong'onezana kwamba kumbe hakuumwa, alitaka kuletewa sukari tu. Karibu na reli akamwona Adinani na mfuko mkononi.

"Shikamoo, bibi... mbona..."

"Marahaba. Unakwenda wapi na machungwa?"

"Kwako. Kukuona mgonjwa."

"Basi umeshamwona. Geuka tufuatane, nimeamriwa nisisimame."

Akamtembeza. Adinani ana kitambi na kazoea pikipiki. Walipofika njia ya Isevya shati lilikuwa limemganda mgongoni, na bibi anamweleza habari za vilango vya damu bila kuhema.

"Bibi, nimekubali," akasema mwisho, kashika kiuno. "Umepona. Utapika. Lakini mke wangu kasema sharti moja. Ukae kwenye kiti. Na daktari naye kakataza kusimama, umesema mwenyewe sasa hivi."

"Mwenye mwiko hana kiti."

"Basi sina la kusema, bibi."

"Usiseme."

Wakaachana hapo, kila mtu na uso wake.

Siku zile Bi Mwanamkuu alitembea sana, na hasira ilimsukuma zaidi kuliko amri ya daktari. Mguu ulikuwa mwepesi. Michubuko ya zambarau pajani ikageuka njano. Akarudi hospitali, wakatazama, mshipa umefunga vizuri. Akajaribu swali lake kwa ujanja: na mtu akisimama asubuhi mpaka adhuhuri, mara moja tu, kwa harusi?

"Bibi, mguu wa kulia nao unaelekea huko huko. Ukisimama hivyo, nilichofanya utakiharibu mwenyewe."

Jioni akamwita Najiat. Najiat alikaa kwenye mkeka, kichwa chini.

"Adinani kashakuja kwako?"

"Kaja. Nimemwambia bila mama mkubwa sipiki."

"Mjinga wewe. Kwa nini?"

"Naogopa pilau ya watu wengi. Na nakuogopa wewe zaidi."

Bi Mwanamkuu alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. Aliingia ndani akatoka na mwiko, ule mrefu wa mninga, mpini umeng'aa kwa mkono wake. Akaushika muda. Najiat alidhani atapigwa nao.

"Shika."

"Nikauoshe?"

"Shika, nimesema. Mwenye mwiko hana kiti, hilo silivunji mimi, hata daktari alie. Kwa hiyo mwenye mwiko utakuwa wewe. Wewe utasimama. Mimi nitakaa."

Najiat alilia. Bi Mwanamkuu akamwambia machozi yanatia chumvi, akayafutie mbali na mwiko.

Siku ya harusi watu waliona jambo ambalo hawajapata kuliona: Bi Mwanamkuu kakaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa Adinani, mguu wenye soksi juu ya kreti la soda, mbele ya sufuria zote. Kila mara anainuka, anazunguka uwanja, ananusa, anachungulia kuni, anarudi kukaa. Mkono wake ulikuwa unacheza peke yake mapajani, kama unakoroga. Mke wa Adinani alipita mara nyingi kutazama ile soksi, haikuwa na doa.

"Najiat, vuta kuni ya kulia!"

"Nimeshavuta, mama mkubwa."

"Lini?"

"Kabla hujasema."

Bi Mwanamkuu akainama mbele. Akasikiliza. Kwenye kiti, mbali na moto, hakusikia wali unasema nini. Hilo lilikuwa kweli kama alivyofundishwa. Ikambidi amwangalie Najiat uso, na Najiat alikuwa kainamisha sikio kwenye sufuria, kimya, kama hayupo pale.

Pilau ilishuka, wageni wa Kigoma wakala, wakaomba nyingine. Mama mmoja akaja jikoni na sahani tupu, akamshika Bi Mwanamkuu mkono kwa mikono miwili.

"Bibi, mkono wako haujazeeka."

Najiat alisimama nyuma, jasho linamtiririka.

"Si mkono wangu," akasema Bi Mwanamkuu. "Kapika Najiat. Mimi nilikuwa nagomba tu." Kisha akashusha mguu kutoka kwenye kreti, akasogeza kiti. "Njoo ukae hapa, wewe. Sufuria zimeshuka. Hujui kuchoka?"