Asubuhi Ambayo Mashine Haikutuamkia

Vumbi la kompyuta likipata moto lina harufu yake. Juzi nilipita kwa fundi mmoja wa redio, ana mashine kuukuu ameifungua mgongo na kuiwasha ili asikilize feni, na ile harufu ikanifikia nikiwa bado barazani. Ilikosa kitu kimoja tu, tumbaku. Ya kwetu ilinuka tumbaku, kwa sababu ilikaa miaka mingi katika ofisi ya wanunuzi wa tumbaku hapa Mpanda, baba akiwa karani wao. Ofisi ilipofungwa, baba aliambiwa achague baiskeli au kompyuta. Mama alikuwa bado hai, na alitaka baiskeli. Alimnunia baba karibu masika yote. Kununa kulipomwisha, alifuma kitambaa cheupe cha kuifunika mashine ile, akawa mkali kwa yeyote aliyeigusa na mikono yenye mafuta.

Mama alitangulia. Baba akamfuata mwaka haujaisha, kwa ugonjwa ambao siku hizo watu waliutaja kwa kupunguza sauti. Tulibaki watatu. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na hapo ndipo nilipoishia. Mdogo wangu Gaudensia alikuwa darasa la sita. Deo, wa mwisho, alikuwa hata hajaandikishwa shule.

Kuchapa alinifundisha baba mwenyewe, wakati alipokuwa hawezi tena kukaa kitini kwa muda mrefu. Alilala mkekani karibu na meza, mimi nikachapa, yeye akasikiliza vidole vyangu na kujua nimekosea kabla sijajua mwenyewe. Baada ya kumzika, kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Nilichapa mitihani ya shule na kadi za harusi, lakini zaidi nilichapa kazi za parokia. Ndugu walikuwa wamekaa kikao na kukubaliana kwamba tuachwe pamoja maadamu kazi ipo. Kazi ikikatika, Gaudensia angekwenda kwa shangazi Ugalla, Deo angepelekwa Karema kwa baba mdogo anayevua dagaa, na mimi, kwa kuwa ni mwanamume, ningejua mwenyewe pa kwenda.

Sasa niwaambie jambo ambalo mashine yetu ilikuwa ikifanya. Baba alikuwa ameiagiza, kwa mistari michache ambayo wakati ule sikuielewa, kwamba kila ikiwashwa, kabla ya kitu kingine chochote, iandike maneno haya kwa herufi nyeupe katika giza la kioo:

HAMJAMBO WANANGU. MMEKULA?

Aliyaweka alipokuwa mgonjwa, siku ambazo asubuhi hakuweza kutoka chumbani. Tuliona ni utani wake. Baada ya yeye kuondoka, maneno yaliendelea kuja. Umeme wa mjini ulitoka kwenye majenereta na ulikuwa wa mgao, lakini ukiwapo asubuhi nilikuwa nawasha mapema, hata kama sina cha kuchapa. Deo hakujua kusoma ila maneno yale aliyajua. Alisimama mbele ya kioo na kusema, "Hatujambo. Shikamoo baba." Kisha alingoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Halafu alikwenda kunywa uji.

Shangazi Visensia alikuja kutoka Ugalla na galoni la asali, akiwa na nia ya kuanua matanga. Kwetu mfiwa hamalizi msiba mpaka marehemu aagwe kabisa. Nguo zake hugawiwa, na nyumba hufagiliwa kutoka chumba cha ndani hadi uani. Nguo ziligawiwa. Ufagio ulitafutwa. Kesho yake asubuhi shangazi aliona mashine ikiwashwa, akamsikia Deo akiamkia, akaomba asomewe. Niliposoma, aliweka ufagio chini.

"Nianue matanga ya nani?" aliuliza. "Mtu mwenyewe anaamka kabla yangu, anawauliza watoto kama wamekula. Na ninayepika ni mimi."

"Shangazi, hayo ni maandishi tu," Gaudensia alisema.

"Maandishi ya nani?"

"Ya baba."

"Haya. Umejijibu."

Akarudi jikoni. Akakaa nasi wiki baada ya wiki, matanga hayajaanuliwa, na kila akipita mbele ya mashine alivuta kanga yake kichwani kama anapita mbele ya mkwe.

Ndipo katibu wa parokia alipoleta kazi yake ndani ya flopi, kile kidiski bapa cha kuhifadhia kazi. Wao walikuwa wamepata mashine mpya, na nilipoingiza flopi ile ndani ya yetu, haikufunguka. Nilijaribu mpaka nikatoka jasho. Katibu alikuwa mtu mpole. Alisema watanisubiri kidogo, ila kama haitawezekana kazi zitapelekwa Sumbawanga. Shangazi alisikia kutoka jikoni. Jioni hiyo nilimsikia akimwambia Gaudensia habari za shule ya Ugalla, kwamba si mbali sana.

Rashidi, kijana wa jirani aliyekuwa akisomea ufundi Dar es Salaam, alishuka na treni akiwa likizo. Nilimweleza. Akaniambia mashine yetu haijafa, imezeeka akili tu, na kwamba anazo flopi za mfumo mpya kwenye bati la biskuti. Alikuja Jumamosi umeme uliporudi.

"Usiwe na wasiwasi, dogo," alisema akizipanga mezani kama karata. "Inaingia moja moja. Ila umeme ukikatika katikati, hapo tutasemeshana vingine."

"Na yale maneno ya baba?" nikauliza. "Yatabaki?"

Alikuwa hajui habari za maneno hayo. Nilimwonyesha. Aliyasoma, akaacha utani wa Dar, akakuna shingo. "Mfumo mpya una namna yake ya kuamka," alisema taratibu. "Nisikudanganye. Sidhani kama mtayaona tena. Tuache?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Gaudensia alikuwa anaangalia miguu yake. Deo alikuwa chini ya meza anachezea kifuniko cha bati. Nilifikiri kwamba yeye ndiye wa kuulizwa, na kwamba siwezi kumuuliza. Nikamwambia Rashidi aendelee.

Mashine ilikoroma. Ilimeza flopi, ikaguguna, ikatema, ikaomba nyingine. Katika mojawapo ilikwama na kuanza kukwaruza kama panya kwenye dari. Rashidi aliitoa, akaipuliza, akaigonga kwenye goti, akairudisha. Tukasubiri. Sauti ya jenereta la mjini ilitufikia kwa mbali, na nilikuwa naisikiliza hiyo kuliko mashine, kama unavyosikiliza pumzi za mgonjwa. Shangazi alikuwa anasali rozari. Sijui alikuwa anaomba ifanikiwe au ishindikane.

Mwishoni ilijizima, ikajiwasha yenyewe. Giza la kioo lilikuja kama kawaida, na Deo akatoka chini ya meza kuliamkia. Lakini kabla herufi hazijatokea, kioo chote kilijaa anga la bluu lenye mawingu meupe.

Shangazi akafanya ishara ya msalaba.

"Mmeona?" alisema kwa sauti ya chini. "Amefika."

Rashidi alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Flopi ya parokia ilifunguka. Wakati shangazi amekwenda kuuchukua ufagio, Rashidi aliniinamia na kuninong'oneza kwamba maneno hayakufutika, yapo nyuma ya mawingu, na kwamba kuna kitufe ukikibonyeza upesi yataonekana. Alinionyesha kitufe chenyewe. Nilimwomba asiwaambie wengine. Nyuma yangu shangazi alikuwa ameanza kufagia kutoka chumba cha ndani, analia na kufagia, na Gaudensia anamwagia maji vumbi lisipande.

Kesho yake niliwasha. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na Deo amesimama pembeni yangu, amefunga vifungo vya shati vibaya. Mawingu yakaja, yakapita. Sikubonyeza. Deo alingoja. Aliangalia kioo, akaangalia nyuma ya mashine kwenye nyaya, akatoka nje.

Nilijua nimemzika baba mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Nilikwenda uani kuwasha moto wa uji ili nipate moshi wa kusingizia macho. Deo alinifuata. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Shikamoo kaka."

Hatukuwa na desturi hiyo sisi kwa sisi. Nilidhani anacheza. Nikamwambia asogee, moshi utamuumiza. Hakusogea.

"Kaka. Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Sauti yangu ilikuwa bado inabadilika, na neno lilitoka limepasuka katikati. Deo akaridhika, akaenda kukaa kwenye kigoda kungoja uji.

Kazi za parokia ziliendelea na tukabaki pamoja, mpaka Gaudensia akaolewa na Deo akamaliza shule. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mdogo wangu alidhani baba yumo ndani ya mashine, na kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya. Hatukuwahi kulizungumza. Nilielewa nilipopata mtoto wangu mwenyewe, ambaye asubuhi moja aliniamkia nikiwa na mawazo yangu, nikasahau kumjibu, na akakataa kuondoka mlangoni. Shikamoo si neno zima. Anayeitoa hubaki amesimama mpaka mtu aitikie, na kioo kile, pamoja na upendo wote aliouweka baba, hakikuitikia hata siku moja. Deo alikuwa amesimama tangu tulipotoka makaburini.