Daktari Aliuliza, Nikamfinya Mjukuu Wangu

Mwenye kosa ni mimi, msimtafute mwingine. Daktari aliniuliza, nikasikia, nikaelewa, na nikadanganya.

Mjukuu wangu Kulwa, wa darasa la tatu, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe hapa Samuye. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Mkono ulivimba kama boga! Hospitali wakasema watapitisha vyuma vyembamba kwenye ngozi ili vishike mfupa.

Daktari, kijana tu, akaja kitandani.

"Shikamoo bibi. Huyu mtoto ana chochote alichozaliwa nacho hapa kwenye kiwiko? Wengine wana mshipa wa fahamu unaoruka mfupa wakikunja mkono. Kwa uvimbe huu siwezi kuupapasa, na chuma kimoja kinapita hapo hapo."

Jamani! Mshipa ule naujua. Nikimwogesha Kulwa tangu mchanga, nikikunja kiwiko, unateleza chini ya kidole changu, tik! Mimi ninao. Mama yangu Nkwimba alikuwa nao, naye ndiye aliyenikataza kuutaja mbele za watu. Alisema waganga huwaambia wachimbaji kwamba mwenye mshipa huo dhahabu inamfuata. Na huku kwetu mnajua watu walivyokatwa viungo kwa maneno kama hayo!

Sasa kwenye kitanda cha jirani alikaa Masunga, mchimbaji wa Geita, anamuuguza mwanawe. Buti lake lilikuwa bado na tope la shimoni. Alikuwa ananitazama.

Kulwa akafungua mdomo. "Bibi, si ule wetu una..."

Nikamfinya paja. "Hana kitu, baba," nikamwambia daktari.

Wakampeleka, wakapitisha vyuma vyao. Kulwa alipozinduka hakulilia kiwiko. Alilia kidole cha mwisho. "Bibi, kimekufa! Ni ule mshipa wetu unaoruka!"

Wodi nzima ikasikia. Nikamgeukia Masunga. Akapandisha mkono wa shati. "Shika hapa, mama." Nikashika, akakunja. Tik!

"Wangu unaruka tangu utoto," akasema. "Ingekuwa dhahabu inanifuata, ningekuwa hapa nagombea uji wa wagonjwa?"

Akacheka. Mimi nikaangua kilio.

Daktari alikichomoa kile chuma siku ile ile. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alisema tu, "Tungejua, tungepasua kidogo tuuone mshipa kwanza." Huenda utapona, huenda usipone. Vidole viwili vimeanza kujikunja kama kucha za kuku, kiganja kinakonda. Kikombe kinamponyoka, ananiangalia, anakiokota.

Nyinyi wenzangu mnaopeleka watoto hospitali, ukiulizwa, sema! Kama unaogopa waliopo, mvute daktari pembeni umnong'oneze. Mimi hata hilo sikuliwaza!

Jana jirani yetu, Mama Shija, alimuuliza Kulwa mkono umepatwa na nini. Mtoto alifunika paja lake kwa mkono ule ule, kisha akanigeukia.

"Bibi, niseme?"