Mama Mkwe Alipokwenda Mugoma

Mama mkwe wangu aliitwa Kwandu. Maisha yake yote gari lilikuwa la kumpeleka hospitali au msibani. Ndiyo maana nilishangaa Juni ile alipokuja jikoni kwangu, akavuta kigoda, akakaa na kusema, "Mama Keza, mkienda Mugoma nami nakwenda."

Nikamuuliza anakwenda kufanya nini huko.

"Nimekula chakula chako miaka hii yote," akasema. "Sijamwona aliyekufundisha kupika."

Ni kweli, yeye na mama yangu walikuwa hawajaonana. Nilipoolewa, baba mkwe, mzee Malongo, alikuwa kitandani hawezi hata kujigeuza, na Kwandu hakutaka kumwacha. Ng'ombe wa mahari walipelekwa na baba wadogo. Baadaye mzee akafariki, mwanangu Keza akazaliwa, mashamba yakadai, mifugo ikadai, na Mugoma, kwetu huko Ngara, ikabaki mahali pa kusikika kwenye simu tu. Mama yangu, Koleta, alikuwa akipiga simu Jumapili akitoka kanisani. Yeye alichanganya Kiswahili na Kihangaza, Kwandu alichanganya na Kisukuma, halafu kila mmoja alinirudishia simu nimweleze mwenzake amesema nini.

Mume wangu, Shibuda, alikuwa mtu wa minada. Aliuza masufuria, ndoo na sahani, leo hapa kesho kule, na kwa kuwa minada mingine iko mbali na nyumbani Nyabusozi, aling'oa viti vya nyuma vya Hiace yake kuukuu akatengeneza kitanda cha mbao. Chini ya kitanda aliweka droo, ukutani akapiga ndoano za vikombe, na karibu na mlango akafunga jiko dogo la gesi kwa waya lisiruke kwenye matuta. Mimi nilishona mapazia ya kitenge. Majirani waliiita gesti ya Shibuda. Keza, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili, aliiita nyumba, na jioni nyingi alilia kwa kukataa kushuka.

Shule zilipofungwa, na mimi ni mwalimu, tukaanza kufungasha. Kwandu alileta mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, kibuyu cha samli, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Kabla ya kupanda alilizunguka gari taratibu, akalipapasa ubavuni, akainama kutazama chini, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akachungulia kitandani.

"Tulipohama Shinyanga tulilala chini ya mkokoteni," akasema. "Ninyi mnalala juu yake."

Tuliondoka asubuhi, jogoo akiwa chini ya kitanda na Keza kwenye mapaja ya bibi yake dirishani. Ilikuwa kiangazi, vumbi limekaa juu ya migomba ya kando ya barabara hadi majani yamekuwa mekundu. Tulipita Biharamulo mjini, tukashika njia ya Lusahunga. Tulisimama mara nyingi kuliko basi lolote. Keza anataka kukojoa. Keza ametupa kiatu nje. Keza anataka kumwona jogoo kama bado yupo. Tulipofika kwenye lami inayopitisha malori ya kwenda Rwanda na Burundi, akawa anapiga kelele kwa kila moja, "Bibi, gali," mpaka Kwandu akamwambia, "Tumeshayaona, mjukuu wangu. Yapungie mkono tu." Tangu hapo akayapungia yote, na madereva wengine walimjibu kwa honi.

Hapo ndipo Kwandu alipoanza kusimulia. Nyumbani hakuwa mtu wa hadithi. Nadhani ule mwendo ndio uliomfungua mdomo.

"Baba yako alikuwa hivi hivi," alimwambia Keza, huku akitaka Shibuda asikie. "Tulimweka katikati ya vyungu, tukamfunga kwa shuka asianguke. Mimi natembea nyuma ya mkokoteni, baba yake yuko mbele na ng'ombe. Tukisimama kuwafungua maksai, analia. Hataki tusimame. Anataka twende tu."

Shibuda akauliza kutoka kwenye usukani, "Nililia kweli, mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Ulilia mpaka baba yako akasema tukuache Kahama."

Tukacheka. Akaendelea na mengine: jinsi walivyosikia kwa waliotangulia kwamba huku Biharamulo majani yanafika begani, jinsi walivyopita porini wakipigwa na mbung'o, jinsi ndama mmoja alivyozaliwa njiani akapandishwa mkokotenini karibu na mtoto, wakalala wamekumbatiana. "Tulikuwa tunafuata majani," alisema. "Hatukujua tunakwenda wapi. Majani yalipokuwa mengi, tukasema ni hapa." Shibuda alimsikiliza kama mtoto wa shule. Aliniambia baadaye kwamba habari ya yule ndama alikuwa hajawahi kuisikia.

Usiku tulilala Nyakahura, kando ya kituo cha mafuta, baada ya kumwomba mlinzi. Mimi, Kwandu na Keza tulibanana kitandani, Shibuda akajikunja viti vya mbele. Asubuhi nilipofungua pazia, Kwandu alikuwa tayari nje ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, anakunywa chai na kutafuna michembe, na mlinzi amekaa karibu naye anatafuna pia.

Kutoka Nyakahura tuliiacha lami tukaingia njia ya Rulenge. Ni barabara ya milima, ya kupanda na kukata kona, na katikati ya mpando mmoja tairi la nyuma likaisha upepo. Keza alikuwa amelala kitandani. Tukashuka sote, tukarudishia milango polepole asiamke, Shibuda akaanza kutafuta mawe ya kukingia magurudumu. Vioo tulikuwa tumevipandisha kwa ajili ya vumbi. Ufunguo ulibaki kwenye swichi.

Keza aliamka. Hakulia kwanza. Alihamia kiti cha baba yake, akashika usukani, akatuchekea. Halafu akabonyeza kile kipini cheusi kilichochomoza mlangoni karibu na kioo. Hiace ile ilikuwa na tabia moja: ukibonyeza kipini cha dereva, milango yote inajifunga.

Mwanzoni tulidhani ni jambo dogo. Nilimwambia avute, nikimwonyesha kwa kidole. Alinionyesha kidole na yeye. Shibuda alizunguka akijaribu kila mlango. Jua lilikuwa limeshapanda, na ndani ya gari lililofungwa joto halichelewi. Keza alipoona nyuso zetu zimebadilika, akaanza kulia, kidogo kidogo, kisha kwa sauti yote, jasho linamtiririka usoni. Jogoo naye akaanza kupiga mabawa chini ya kitanda. Mwendesha bodaboda mmoja aliyebeba gunia la mkaa akasimama, akasema tutafute waya. Shibuda aliokota jiwe.

"Weka jiwe chini," Kwandu akasema.

"Mayu, mtoto atakufa humo."

"Ukivunja, vioo vitamwingia machoni. Subiri kwanza. Ondokeni hapo, mnamtisha."

Tukasogea. Alivua ushungi wake, akausogelea ule mlango wa dereva, akaweka uso kwenye kioo, uso kwa uso na mjukuu wake. Hakumwambia afungue. Alimwambia, "Keza, twende tukang'oe kalanga."

Wiki iliyotangulia safari walikuwa wameshinda shambani wawili hao wakivuna karanga. Kwandu alikuwa akishika shina, Keza naye anashika, wanavuta pamoja, na likitoka wanaanguka nyuma kwa makusudi. Sasa pale barabarani bibi akainama, akashika shina la nyasi, akalivuta kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kidogo. Umri ule. Akainuka, akajipangusa vumbi, akavuta jingine. Alikuwa anaimba polepole kwa Kisukuma, wimbo wa kazi wa huko kwao.

Keza alipunguza kilio. Kisha akakaa kimya akitazama, midomo bado inatetemeka. Bibi akachomeka kijiti ardhini, kimesimama wima kama kile kipini. Akakivuta. "Hii kalanga," akasema. Akagonga kioo mahali kipini kilipo. "Na hii kalanga. Ng'oa."

Keza alivuta usukani kwanza. Halafu akavuta mkono wa gia, na Shibuda akafumba macho. Kwandu hakuharakisha. Akagonga tena palepale. "Hii hapa, mjukuu wangu. Ng'oa hii, bibi ana njaa." Vile vidole vidogo vilishika kipini vikateleza, kwa kuwa vilikuwa vimelowa machozi. Vikashika tena. Nilisikia milango yote ikilia kwa pamoja, nikaufungua ule wa dereva, nikambeba.

Yule wa bodaboda alipiga makofi. Kwandu alimchukua Keza kutoka mikononi mwangu, akamfuta uso kwa kanga, akampa kipande cha mchembe kana kwamba wametoka shamba. "Umevuna," akamwambia. Shibuda alikwenda nyuma ya gari kubadilisha tairi, akakaa huko muda mrefu kuliko tairi lilivyohitaji.

Tulifika Mugoma mchana umegeuka. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Aliposikia gari alisimama, na Kwandu akashuka na jogoo wake mkononi, wakatazamana. Nilikuwa nimejiandaa kuwatafsiria, lakini hawakunipa nafasi.

"Wewe ndiye mama yake," Kwandu akasema kwa Kiswahili.

"Ndimi. Karibu nyumbani."

Kwandu akamshika mkono, hakuuachia. "Asante kwa mtoto."

Mama alidhani anamzungumzia Keza. Akajibu, "Ni wenu pia."

"Hapana," Kwandu akasema, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Nasema huyu mkubwa."

Nilijifanya natoa mizigo.

Siku zile zilikuwa tamu kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mama alipika ndizi na maharage, Kwandu akazitia samli yake, wakakubaliana kwamba hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa siku zote. Mama alimtandikia chumba kizuri, lakini jioni ya kwanza Kwandu alisema amezoea gari, na mama akaenda kuona ni kitu gani hicho kinachokishinda chumba chake. Hakurudi. Nilipokwenda kuwatazama nilikuta mlango umefunguliwa wazi, wameketi kitandani wamening'iniza miguu nje, wanamenya maharage mabichi, Keza katikati yao anayarudisha kwenye maganda. Mama alikuwa anasema "mwarimu", Kwandu anasema "gali", na mimi ninayelipwa kufundisha Kiswahili nikaona ninyamaze.

Ni humo garini mama aliposema kwamba hajakwenda Rulenge tangu magoti yake yaanze kuuma. Alifunga ndoa katika kanisa la huko, na alisoma huko kwa masista. Kwandu akamwita Shibuda. "Kesho tunampeleka mwenzangu Rulenge," akasema. Hakuuliza.

Tukaenda, bibi wawili kitandani na mjukuu wao, wanaangalia nje kupitia pazia la kitenge. Kwandu hakubatizwa maisha yake yote, na kanisani aliingia kwa kunyata, kama anayeingia nyumba ya mtu aliyelala. Walikaa benchi moja. Kulikuwa kimya, isipokuwa Keza aliyekuwa akitambaa chini ya mabenchi.

"Ulisimama wapi?" Kwandu alinong'ona.

Mama akamwonyesha. "Pale mbele. Mume wangu Anatoli kulia kwangu."

"Ulikuwa umevaa viatu?"

"Vya kuazima. Vilinibana, na padri akazungumza mpaka nikadhani nitaanguka."

Kwandu alijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na mama naye akaanza, wazee wawili wanacheka mbele ya altare kama wasichana waliofukuzwa darasani. Sikuwa nimemwona mama akicheka hivyo tangu baba afariki.

Hawakupata kuonana tena. Tulisema tutarudi mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata ukawa na mambo yake. Kwandu alifariki msimu wa pili wa masika baada ya safari ile, nyumbani kwake, asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Mama alikuja kwa basi kutoka Ngara na magoti yake yale, na pale msibani akakaa kwenye mkeka na wanawake wa Kisukuma ambao hakuwajua hata mmoja, akalia nao kwa lugha yake.

Shibuda sasa ana duka la vyombo Biharamulo na haendi tena minadani. Kitanda alikitoa, Hiace akamuuzia mtu wa kubeba mbao. Mapazia ninayo.

Keza yuko darasa la tatu. Juzi alikuwa anamsimulia rafiki yake kwamba aliwahi kusafiri na bibi zake wawili katika gari lenye kitanda. Alisema anakumbuka walivyolala wote humo, na mvua inapiga bati la gari usiku kucha. Mvua haikunyesha hata tone safari ile nzima. Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikarudi kwenye madaftari.