Muti ya Nadège mu Njia ya Ndege

Bwana yangu Syauswa anakataka vichwa ya miti. Ndiyo kazi yake tangu ujana, huku Butembo mpaka Kalunguta: anapanda juu ya kalitusi na kamba na musumeno, anaondoa kichwa, na muti hapana angukia nyumba ya mutu. Sasa iko na miaka makumi sita, na goti moja inalia kama mulango. Mimi ndiye nashikaka kamba chini. Sina imani na mutu mwingine.

Kilima yetu inaangalia piste, fasi ndege zinatua na kuruka. Miaka ine imepita, bureau ya aviation, ofisi ya mambo ya ndege, ilituma mutu mumoja, Gamaliel, na appareil ya kupimia, ya miguu tatu. Aliangalia mule, akapaka rangi nyekundu ku miti makumi mbili na moja yenye ilipaswa kukatwa kichwa. Nilimukasirikia.

"Muti yangu haiko murefu," nilimuambia. "Mbona ile mirefu ya kule bondeni haina rangi?"

"Mama, hatupime kutokea mizizi. Tunapima kutokea piste. Mwenye anaishi juu ya kilima, ata muti yake mufupi inaweza kupita mustari yenye ndege inapitia. Na hapana kata mara moja tu. Kila mwaka mutakata, maana kalitusi inarudiaka kuota."

Syauswa alikata makumi mbili, ya majirani. Ile yenye ilibakia ilikuwa ya Nadège, binti yetu. Niliiotesha na mikono yangu siku alizaliwa. Nililia, nikagombana, nikakataa kupika siku mbili. Nasema kweli, niko na kichwa nguvu. Syauswa alichoka, akafuta rangi na muchanga.

"Jokébed, hii iko juu yako," alisema.

Gamaliel hakurudi tena. Kila mwaka Syauswa alipita kwa majirani kuwakumbusha kukata. Walimusikiliza vizuri, kiisha walimuonyesha kidole muti yetu: "Papa Nadège, anza na ile." Alirudia nyumbani, na mimi nilimupa chakula, nikajifanya sijui kitu.

Sasa, Mardi, ndiyo Jumanne ya juma hii, Nadège alikuya. Ni infirmière, anatunza wagonjwa kule Bunia, na anasafiri na ndege ndogo, maana barabara iko na hatari, hatumuruhusu kuipita tena. Ukungu ilikuwa mingi. Aliingia nyumba, hakutusalimia ata.

"Mama, wakati tulikuwa tunatua, kitu ilikwaruza ndege chini. Pilote alitoa hii ku magurudumu."

Aliweka ku meza kitawi ya kalitusi. Nilikosa fasi ya kuweka macho. Syauswa aliigeuza, akainusa, akaiweka mufukoni. Ni mimi mwenyewe nilimuambia: kata ile muti. Nilikuwa na haya, na woga zaidi.

Siku mbili zenye zilifuata, Mercredi na Jeudi, mvua ilinyesha, muti ikakuwa na utelezi, hakuweza kupanda. Kesho yake, Vendredi, Nadège alipaswa kurudia kazi. Alishuka ku piste asubuhi, na sisi tukaenda ku muti. Ndege ilipaswa kuruka saa tatu, tulikuwa na wakati. Ukungu ilikuwa imeanza kufunguka. Syauswa alipanda polepole, goti ikilia, kichwa ya muti ikaanguka ku shamba ya mihogo. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Lakini Syauswa hakushuka.

"Papa Nadège, unangoja nini?"

Huku chini, mutu anaona tu muti yenye iko mbele yake. Yeye alikuwa juu, alikuwa anaona kilima yote.

"Yote imerudia," alisema. "Ile makumi mbili. Ingine imepita hii yetu." Alitoa kitawi mufukoni. "Hii majani ni ya duara. Inaotaka ku muti yenye ilikatwa. Yetu iko na majani marefu. Nilijua tangu Mardi, nikajidanganya."

"Ni ngapi ziko mu njia ya ndege?"

"Jokébed, pigia Nadège simu, ndege isiruke."

Simu ilikuwa ku kiuno, mufukoni ya kikwembe. Kamba ilikuwa mu mikono yangu yote mbili, na bwana yangu alikuwa ananingʼinia ku kamba ile; nikiiachilia, angeanguka. Nilimuambia ashuke mbio, na goti yake ikakataa kukunjuka. Saa tatu ilikuwa imefika: kule chini ku piste, moteri ya ndege iliwaka.

Niliangalia mikono yangu. Sikuachilia kamba.