Mlango wa Uani

Pelagia alipoanza kumhudumia mzee Tillery, Mmarekani mweusi, nyumbani kwa mzee katika mtaa wa Third Ward, Houston, alipita mlango wa mbele wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo akahamia mlango wa jikoni. Ukimuuliza angekwambia gari lake huliegesha upande ule, na uji wa mzee hupikwa huko huko. Lakini jambo lenyewe lilikuwa la tangu utotoni Bukoba. Kwao, anayebisha hodi mbele ni mgeni. Mtu wa nyumbani huzungukia uani, akaingia huku ameshaanza kuongea.

"Binti, mlango wa mbele uko wazi kwa ajili yako," mzee alimwambia karibu kila asubuhi.

"Najua, Babu. Miguu imezoea huku."

"Na taa ya kibarazani nimemwashia nani?"

"Umewawashia mbu."

Mzee alitabasamu kidogo, akafungua mdomo apokee kijiko. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na chakula alikipokea kutoka kwa Pelagia peke yake. Binti yake wa kumzaa, Veda, alikuja kutoka Fort Worth akajaribu. Mzee alikunywa chai tu. Msaidizi wa mwisho wa juma alijaribu, mzee akafunga meno. Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: akiacha kula, hana muda mrefu.

Pelagia hakuona tabu. Baba yake mwenyewe alifia Bukoba wakati yeye akisubiri karatasi za ukaazi, akashindwa kwenda kumzika. Alilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili binti yake Angel asisikie. Sasa alikuwa na mzee wa kumpikia uji, wa kumkata kucha, wa kumgombeza akikataa dawa. Pasaka ilipokaribia alimwalika nyumbani kwake mtaa wa Alief, na mzee, ambaye kwa mwaka mzima hakutoka isipokuwa kwenda hospitali, alikubali. Akatoa suti ya kijivu kabatini, akamwomba Pelagia amfunge tai.

Asubuhi ya Pasaka mumewe, Severin, alimkuta akifagia ujia wa pembeni mwa nyumba.

"Mama Angel, mbele si kuna ngazi moja tu? Nitamshika mkono."

"Apite mbele kama wakala wa bima? Yule ni mzazi wetu, Baba Angel. Anapita uani."

"Haya. Mimi nilikuwa nawaza magoti yake tu."

Pelagia alipowasili na mzee kwa gari, Lydiah, nesi Mkenya wa mtaa ule, alikuwa akiingia mlango wa mbele na mumewe Mogaka, wamebeba keki. Mzee aliwatazama kutoka garini mpaka mlango ulipofungwa. Pelagia akamsaidia kushuka, akamwongoza pembeni, kando ya mapipa ya taka, kuelekea nyuma. Alikuwa akimsimulia jinsi alivyozipika ndizi, nyama ikatangulia motoni. Mzee akapunguza mwendo. Pelagia akadhani amechoka na safari.

Kabla hawajabisha, Angel alifungua mlango wa jikoni. Harufu ya chakula ikatoka na sauti za watu wakicheka sebuleni. Msichana alikuwa ameshika sahani yenye kipande cha nyama, kwa kuwa mama yake alimwambia babu ndiye wa kwanza kuonja. Akamnyooshea, akitabasamu, akiwa amesimama kizingitini.

Mzee Tillery aliiangalia ile sahani. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

"Babu, unaumwa wapi?"

"Tafadhali. Nirudishe."

Walikuwa karibu wafike kwake maneno yalipomtoka. Alisema alikuwa na miaka minane, mwaka arobaini na sita, katika mji mdogo mashariki ya Texas. Baba yake alikuwa amerudi kutoka vitani Ulaya. Mji ukaandaa karamu ya kuwashukuru askari wake, na tangazo likasema askari wote. Baba alipiga pasi sare yake mwenyewe, akang'arisha viatu, akamshika mwanawe mkono. Mlangoni mzungu mmoja hakusema hata neno, alionyesha kwa kidole tu, nyuma kule.

"Baba akazunguka," mzee alisema. "Wakampa sahani kupitia mlango wa jikoni. Askari wazungu wa vita ileile walikuwa ndani, tunawasikia wakiimba. Akala amesimama, na sare yake. Akarudisha sahani, akasema asante. Yule mzungu sikumchukia, nilikuwa nimeshazoea watu kama yeye. Nilimchukia baba, kwa ile asante. Amekufa sijamwambia kwa nini."

Pelagia aliegesha gari. Machozi yalimfanya asione vizuri. Akamweleza yote, kwa Kiingereza kilichokuwa kikimkatikia: kwamba kwao mbele ni kwa mgeni, kwamba uani ni kwa mtu wa damu, kwamba alipafagia kwa mikono yake.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampigapiga mkono.

"Nimekuelewa. Hukufanya kosa lolote. Lakini nimeshasimama pale tena, na miaka yote hii niliapa sitasimama."

Asubuhi iliyofuata Pelagia aliegesha mtaani, akapanda kibarazani, akabonyeza kengele. Mzee akamfungulia mwenyewe. Alipika uji, akakaa mbele yake, akainua kijiko. Mzee alikipokea kimoja, cha pili, akageuza uso taratibu.

"Asante, Miss Pelagia. Nimetosheka."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa binti. Pelagia alisubiri utani wa taa, haukuja. Kesho yake akapokea kijiko kimoja, na asante ileile, laini, yenye adabu, ya mtu anayerudisha sahani ya watu. Pelagia alibembeleza, akagomba, akampigia Veda simu aje. Akapika mchuzi wa kuku, akaleta ndizi zilezile za Pasaka. Mzee hakufoka hata mara moja. Alishukuru kwa kila kitu, na mwili ukaendelea kuisha ndani ya fulana.

Alifariki kabla joto la Houston halijapamba moto. Kanisani kijana wa mapokezi alimuuliza Pelagia kama ni wa familia. Akasema hapana, nilikuwa namhudumia, akaonyeshwa kiti upande wa pili.

Wiki chache baadaye Lydiah alimletea mboga, akazungukia uani kama alivyozoea akiwa peke yake. Akakuta mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani, na kupitia kioo chake akaona meza imeegemezwa.

"Mama Angel, huu mlango umeharibika ama?"

"Haujaharibika," Pelagia alijibu kutoka ndani. "Zunguka tu, dada. Pita mbele."

"Ai, kwani siku hizi nimekuwa mgeni?"

 Pelagia alikuwa ameshakwenda kumfungulia mlango wa mbele.